Mtihani wa koni na rivasi: unafelishwa, huambiwi kosa, unaambiwa "rudi ukalipie tena"

Wakuu habari zenu. Nimevurugwa leo, kwahiyo mtanisamehe nikiandika ndefu. Nataka mtu mwenye akili zake timamu anieleze, hivi ule mtihani wa vitendo wa leseni, ile sehemu ya uwanjani ya koni na kurudi rivasi, vigezo vyake vimebandikwa wapi? Maana nimefelishwa tena na mpaka naandika hapa sijui kosa langu ni lipi. Sio kwamba nimesahau, SIJAAMBIWA.

Alama za barabarani nilipita. Kipilefti nilipita, nikaulizwa nani anampisha nani nikajibu unampisha anayetokea kulia kwako, afande akatikisa kichwa tukaendelea. Barabarani kwenyewe nimeendesha na malori na bodaboda zinazokatiza kama hazina wazazi, sikugusa mtu. Shida ni huko kwenye koni tu.

Na hizo koni zenyewe mngeziona. Koni za kweli zilikuwa mbili, zilizobaki ni matairi machakavu ya gari ndogo yamechomekwa mti wa fagio katikati, mengine mti umeinama yani hata bila gari kuja umeshalalia ndani ya njia. Chini vumbi, hakuna mstari wa chokaa wala rangi, sasa unajuaje umeingia ndani ya boksi au uko nje? Anajua afande peke yake. Amekaa chini ya mwarobaini mita kama thelathini hivi, upande wa abiria, kwahiyo tairi la nyuma la upande wangu wa dereva halioni hata kidogo.

Nikaingia rivasi taratibu, nikakata, nikanyoosha, nikasimama. Nikapiga handbreki. Nikashuka nikiwa najua nimemaliza. Nikasikia "mama umegusa, anayefuata!" Nikamwambia afande shkamoo, naomba kuuliza, nimegusa ipi? Akaniambia "nimesema umegusa". Nikageuka kuangalia, miti yote imesimama, hakuna hata mmoja unaotikisika. Nikasema afande tuangalie wote basi, hata vumbi kwenye tairi lingeonyesha. Akaangalia simu yake. Kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanivuta kanga pembeni akaninong'oneza "dada usibishane watakuandikia tarehe ya mbali kabisa". Ndio nikaondoka hivyo.

Sasa mniambie. Mwanafunzi wa darasa la nne akifeli hesabu anarudishiwa daftari lina alama ya kosa, anaona nimekosea kuazima. Mimi mtu mzima nalipa hela ya serikali kwa kontrol namba, risiti ninayo, naambiwa neno moja tu nenda. Nikafanye mazoezi ya nini? Ya kuingia kulia? Ya kushoto? Nilisogea sana mbele, nilichelewa kukata, sikuangalia saiti mira, nini?

Na hapa nawasema na hawa wa shule za udereva, siitaji shule yangu jina lakini wengi humu mtaijua kwa tabia maana zinafanana. Wiki zote nilizolipia nimefundishwa kwenda MBELE. Tabata, Buguruni, unarudi, foleni, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, gia ya tatu sijawahi kuiona inafananaje. Kila nikiuliza ticha vipi rivasi na ile ya kuondoka kilimani, "dada tulia, mambo ya koni tutamalizana nayo siku ya mwisho". Siku ya mwisho ikafika, tulikuwa wanafunzi wengi na gari moja, kila mtu kaingia mara moja katoka, ticha anapiga kelele dirishani kata! kata yote! nyoosha! yani unaendesha kwa masikio. Hujui kwanini unakata hapo, unakata kwa sababu amesema. Siku ya mtihani ticha hayupo dirishani sasa, unakata na nini?

Alafu kuna hili ambalo naona watu hawalisemi. Gari za kufundishia upande wa ticha kuna breki na klachi yake. Wewe unajiona unabalansi klachi vizuri, gari halizimi, unajipongeza, kumbe mguu wake uko pale chini unafanya kazi nusu. Siku ukipewa gari peke yako klachi inashikia juu kabisa, haifanani na uliyoizoea, mguu unatetemeka, gari linazima mara mbili umeshaondolewa. Na gari nililopewa mimi lilikuwa kiti hakisogei, kimekwama nyuma, mimi mfupi, nimeweka mto wa sebuleni mgongoni ndio mguu ukafika. Saiti mira ya kushoto imefungwa selotepu. Hilo ndio gari la kupimia kama mtu anaweza kurudi rivasi kwa kutumia vioo!

Aliyenifundisha rivasi ya ukweli ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliendesha Fuso miaka na miaka, sasa amestaafu anakaa na wajukuu. Alichukua ndoo mbili za maji na madumu, akapanga kwenye uwanja wa mpira wa watoto, akaniambia "binti yangu, ukirudi nyuma mkia wa gari unakwenda ulikogeuzia stelingi, lakini pua inatupwa upande wa pili, sasa nyie mnaangalia nyuma tu mnasahau pua". Ni kweli, ndoo niliyokuwa naipiga ilikuwa ya mbele kila siku wakati macho yangu yote yako nyuma! Akanionyesha usikate kwa kuhesabu mizunguko, subiri uone koni inaingia kwenye kona ya kioo cha pembeni ndio uanze, na gari liende polepole kama linatambaa, mikono ndio iwe na haraka. Kilimani hivyo hivyo, handbreki juu, pandisha klachi mpaka usikie injini imeshuka sauti na boneti inataka kunyanyuka, ongeza moto kidogo, ndio ushushe handbreki. Jioni kadhaa tu nikajua. Bure. Kilo mbili za sukari nilimpelekea kwa hiari yangu. Sasa huyu mzee angeweza, ticha niliyemlipa anashindwaje? Na mjini kwetu tambarare, milima ya kujifunzia ni Kimara, Goba, Makongo Juu huko, shule ya Tabata haikupeleki, mafuta yanaenda.

Binamu yangu yuko Uingereza, juzi alifanya wa kwake akafeli na yeye. Lakini alirudi nyumbani na orodha. Kule wana maneva tatu za rivasi, kupaki kati ya magari kandokando ya barabara, kuingia kwenye boksi la pakingi, au kusimama upande wa kulia alafu urudi nyuma urefu wa gari mbili, anachaguliwa moja. Makosa madogo unaruhusiwa mpaka 15, ukifika 16 umeanguka, na kosa kubwa au la hatari hata moja umeanguka. Yote yanaandikwa, anakaa na wewe anakueleza hapa hukugeuka kuangalia nyuma ya bega, hapa ulisimama mbali na ukingo. Alinuna lakini alijua cha kwenda kufanyia kazi. Sisemi tuwe Uingereza, nasema KARATASI. Karatasi na kalamu nazo zinahitaji wafadhili?

Najua mtakuja hapa wale wa "dada ulikuwa hujaelewa somo, ungemuona mtu". Nimelielewa vizuri sana. Siku hiyo hiyo kuna kaka alizima gari katikati ya koni, akawasha, akazima, akalalia tairi kabisa mti ukaanguka tumeona wote, akapita. Wakacheka naye wakapeana mikono. Sasa mimi wa kusimama wima nimegusa, yeye wa kuangusha hajagusa. Kosa lisipoandikwa ndio mlango wenyewe huo, maana hakuna pa kukata rufaa, utasema nini na ushahidi ni neno la mtu? Lingekuwa linaandikwa koni namba fulani, tairi la nyuma kulia, nani angethubutu kuandika uongo mbele ya foleni nzima?

Alafu tunalalamika madereva wa Dar. Nendeni Kariakoo mkaone mtu ana leseni na gari la milioni kumi na tano, anashindwa kurudi kwenye nafasi inayotosha Hiace, anashuka anamuita kijana wa pakingi amrudishie. Huyo uwanjani alipitaje?

Leseni yenyewe toka 2019 walipandisha kutoka elfu 40 hadi elfu 70, sawa, na muda ukaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, sikatai, nipo tayari kulipa hata leo. Hela ipo. Gari lipo, IST yangu imekaa uani imefunikwa turubai kuku wanatagia chini yake, mimi kila asubuhi bajaji na watoto wawili na mabegi. Nikisema nijilipue niendeshe hivyo hivyo trafiki wa kwanza ananilamba, na akiniona na kibao cha L bila mtu wa kunisimamia ndio kabisa.

Wa kuuliza kama nililalamika: ndio, nilirudi ofisini, dada wa mapokezi akaniambia mama matokeo ya vitendo hayajadiliwi. Nikamuuliza hiyo imeandikwa wapi akasema ndio utaratibu.

Sasa nahitaji vitu viwili. Kama kuna mtu aliwahi kufeli koni akapewa maelezo ya kosa kwa maandishi hapa Dar, aseme ilikuwaje na alimuomba nani, nitakwenda na mimi kuomba hivyo hivyo kwa barua. Na kama kuna ticha anafundisha rivasi na kilima TU, maeneo ya Tabata, Segerea au Kinyerezi, anijie pm na bei. Gari iwe manyuali, saiti mira zote mbili, na kiti kinachosogea. Wale wa "nina mtu ndani" msinijie.