Ushauri: nataka kazi ya lugha za asili shule za msingi, mashirika ya kimataifa. Nianzie wapi?

Mbukwenyi wakuu, wakubwa shikamooni.

Nina digrii ya isimu (taaluma ya lugha) ya UDOM, kwa sasa najitolea kufundisha darasa la kwanza wilaya ya Chemba, upande wa Wasandawe. Watoto wengi wanaanza shule Kiswahili hawakijui. Juzi nimewaambia wachore mti, darasa kimya. Binti wa mwenye duka, ambaye anajua lugha zote mbili, akageuka akawaambia wenzake kwa Kisandawe, penseli zote zikaanza kazi. Inaniuma, maana watoto hawa tunawaita wazito. Nataka hii iwe kazi yangu ya maisha. Nisome masta ya isimu au ya elimu? Na hapa nchini nafasi zipo?

Mwalimu wa Kondoa
Mdogo wangu, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia msingi tangu 1967, kwa hiyo tangazo la kazi lenye jina hilo utalisubiri sana. Pitia mlango wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) na utayari wa kuanza shule. Mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Waingereza, waliwahi kuwa na madarasa ya utayari kwa watoto wa namna hiyo hiyo, na Dodoma ilikuwamo.

Binti Mpwapwa
Nimefanya kazi hiyo Uganda. Kule tangu 2007 mtaala unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, la nne wanahamia Kiingereza, kwa hiyo kazi ipo: kuandaa vitabu, kunoa walimu, kupima usomaji. Ethiopia nao walianza na sera yao ya 1994.

Soma elimu, hasa ufundishaji wa kusoma madarasa ya awali. Isimu unayo tayari. Kwenye usaili hawakuniuliza nadharia hata moja. Waliniuliza kama nimewahi kuandika hadithi ya mtoto anayejua herufi chache tu, na nifanyeje mwalimu akipangiwa shule ambayo lugha yake haijui. Hilo la pili lifikirie sana, hata Chemba lipo. Ongeza Kireno kama unaweza, Msumbiji wana shule za lugha mbili.

Mzee wa Kibaigwa
Kijana, ajira ya ualimu ikitoka usiiache. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa 2025 nimeona watu wenye masta zao wanarudi nyumbani mkataba haujaisha.

Mleta uzi
Asanteni sana. Binti Mpwapwa, nianze na hadithi za Kisandawe? Vile vidoko (sauti za kugonga ulimi mdomoni) vinanipa shida kuviandika.

Binti Mpwapwa
Usibuni herufi zako. Kisandawe kina maandishi tayari, watafute wanaoyatumia. Mwambie mwalimu mkuu kwanza, kisha keti na bibi mmoja anayejua ngano, rekodi kwa simu, mwombe ruhusa ya kuziandika. Ukipata hata tatu fupi zilizosomwa na watoto wako, hizo ziweke kwenye maombi. Njoo inboksi nikutumie tangazo la kazi la zamani uone wanachotaka.