Naomba ushauri: nguzo zangu zinapitisha boda, zinakwamisha baiskeli

Habari zenu wakuu. Niko Jinja, Uganda. Njia yetu ya miguu na baiskeli bodaboda wameigeuza ya mkato, na kamati ya LC1 (baraza la kijiji) ikanipa kazi ya vizuizi, kisa mimi ni fundi wa kuchomelea.

Nikasimika nguzo tatu za chuma, nafasi sentimita 80. Boda wanakata usukani kidogo, hao wanapita! Aliyekwama ni mzee wa matoke: mikungu imening'inia pande zote za baiskeli, ikabidi aifungue yote, asukume, afunge upya. Jirani wa kiti cha magurudumu naye anapita akikwaruza vidole. Aibu niliyoona, basi tu.

Mwongozo wa Uingereza wa 2020 wa njia za baiskeli unataka mita 1.5 kati ya nguzo. Gari litazuiwa, sawa, ila boda si nimemfungulia lango? Vyuma vya zigizaga sivitaki, matoke hayatapita.

Je, niweke mita 1.5, nguzo ya kati iwe ya kung'oka yenye kufuli kwa ajili ya ambulensi, halafu boda tumalizane nao kwenye steji yao? Na nipake rangi gani ionekane usiku? Kuna mtu ameshagonga goti.