Harry Burn: aliwasaliti waliomchagua?

Mleta mada: Wakuu, nauliza kwa dhati. Agosti 18, 1920, Nashville, bunge la jimbo la Tennessee linapigia kura Marekebisho ya 19 ya Katiba, wanawake wa Marekani wapate haki ya kupiga kura. Majimbo 35 yamesharidhia, linahitajika moja tu zaidi ipite. Harry Burn, miaka 24, mdogo kuliko wabunge wote mle ndani, kavaa waridi jekundu, alama ya wanaopinga. Jina lake linaitwa, anajibu ndiyo. Mfukoni ana barua ya mama yake. Je, mbunge ana haki ya kuwageuka waliomtuma?

Kichwa Ngumu: Hana. Mtoto wa mama tu huyo. Kura ya nchi nzima unaiamua kwa barua ya nyumbani?

Binti Mjane: "Mtoto wa mama" ni tusi tangu lini? Mama yake, Febb Burn, alikuwa mjane, shamba lao la Niota, Tennessee, analiendesha mwenyewe. Kaandika kurasa 7, habari za nyumbani tele, humo humo anamwambia mwanawe aipigie kura haki ya wanawake, asiwaweke roho juu. Mimi pia nimelelewa na mjane. Ushauri wake haujawahi kunipoteza.

Kichwa Ngumu: Dada, sijamgusa mama yako. Nasema kula rushwa kuna sura nyingi, na machozi ya mzazi ni mojawapo.

Binti Mjane: Machozi yako wapi kwenye barua ile? Na hiyo rushwa ndiyo waliyomzushia wapinzani, akaikana kwa maandishi kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Leo unairudia wewe!

Mzee wa Kumbukumbu: Wanangu, polepole. Kura ilikuwa 50 kwa 46, tena mnamsahau mbunge mwenzake Banks Turner. Kabla ya hapo, hoja ya kuweka suala kando ilifungana 48 kwa 48, ikashindwa, kwa sababu yeye aliipinga.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Ilikuwa 49 kwa 47. Hiyo 50 ilikuja Spika Seth Walker alipobadili kura yake ili apate nafasi ya kuomba suala lirudiwe.

Mzee wa Kumbukumbu: Marahaba. Hapo sawa. Lakini Turner abaki.

Kichwa Ngumu: Hakuna aliyenijibu kuhusu wapiga kura.

Mleta mada: Novemba ile ile walimrudisha bungeni. Wangeona kawasaliti, wangemrudisha?

Msomaji wa Usiku: Mnashangilia kura ya nani? Wanawake weusi wa Kusini waliendelea kuzuiwa kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, hadi sheria ya haki za kupiga kura ya 1965. Miaka 45!

Binti Mjane: Hilo ni kweli na linauma. Ila waliowawekea vizuizi hivyo si Burn wala mama yake.

Kichwa Ngumu: Umeshamrudia mama tena.

Binti Mjane: Namrudia, ndiyo. Wewe ndiye uliyeanza kumdharau, na bado sijasikia pole.