Naomba ushauri: kutafuta kitovu cha Tanzania kwa manila na timazi

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia sekondari na nataka wanafunzi wangu watafute wenyewe kitovu cha nchi yetu. Wengi hujibu haraka kuwa ni Dodoma, kwa kuwa mwaka 1973 ilichaguliwa kuwa makao makuu, na hoja moja ilikuwa kwamba iko katikati. Lakini ukichukua katikati ya ncha za mashariki na magharibi, unaangukia magharibi ya Dodoma.

Ninafikiria kukata ramani kwenye manila nzito, kuitoboa pembezoni, kuitundika kwenye msumari pamoja na timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni), kisha kuchora mstari unapopita uzi. Tukibadilisha tundu, mistari inakutana kwenye kitovu. Wamarekani nao mwaka 1918 walisawazisha ramani ya kadibodi wakapata sehemu karibu na Lebanon, Kansas. Alaska na Hawaii zilipokuwa majimbo mwaka 1959, kitovu kikahamia South Dakota.

Ninapokwama ni kwenye maji. Sehemu yetu ya Ziwa Victoria na Tanganyika ihesabiwe, au nchi kavu tu? Ziwa Nyasa ndilo gumu zaidi, maana mpaka na Malawi bado una mvutano. Na Unguja, Pemba na Mafia nizishikishe vipi bila kuongeza uzito wa bahari? Kuziacha sitaki kabisa. Ni nchi yetu hiyo.

Pia, mwenye uzoefu wa QGIS (programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani) anielekeze aina ya ramani isiyopotosha ukubwa wa maeneo, tulinganishe majibu.