Nisini na melitini kwenye pleti moja: ulinganisho huu uko sawa?

ChiromoJioni: Wadau, naomba ushauri kabla sijarudia jaribio. Nina peptidi (protini fupi) mbili za kuua bakteria: nisini ya unga, ile ya viwanda vya maziwa (asilimia 2.5 ya unga ndiyo nisini), na melitini safi ya sumu ya nyuki. Kila moja nimeyeyusha miligramu 1 kwa mililita 1 ya maji, kisha nikapunguza makali nusu kwa nusu kwenye pleti ya visima 96. Melitini imezuia bakteria wote wawili, Staphylococcus aureus na E. coli. Nisini imezuia Staphylococcus kwa shida, E. coli haikuguswa. Niandike melitini ndiyo bora?

Pipeti20: Bado. Miligramu 1 ya unga huo ina nisini maikrogramu 25 tu, kilichobaki kikiwa chumvi na mabaki ya maziwa. Umeshindanisha moja na arobaini! Pima miligramu 40 za unga kwa mililita 1 ya asidi hidrokloriki 0.02 M, nisini huyeyuka na kudumu vizuri pH ikiwa 2 hadi 3, maji matupu huinyima nguvu. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Hapo una nisini kama maikrogramu 1,000 kwa mililita, yaani maikromola 298 kwa lita. Melitini ya uzito huohuo ni 351 kwa sababu molekuli yake ni ndogo (2,846 dhidi ya 3,354), kwa hiyo ripoti kwa maikromola, kipimo cha idadi ya molekuli. Usisahau visima vyenye asidi na chumvi bila nisini.

MamaVijidudu: Pleti ni ya nini? Kama ni plastiki ya polistirini, peptidi zenye chaji chanya zinanata ukutani na bakteria hawapati kitu. Tumia polipropilini, na upunguzie kwa asidi ya asetiki asilimia 0.01 yenye albumini ya ng'ombe (protini ya damu) asilimia 0.2. Maikrolita 50 za peptidi, 50 za bakteria milioni 1 kwa mililita kwenye lishe ya Mueller-Hinton, nyuzi 37, saa 18.

Kuhusu E. coli hakuna kilichoharibika. Nisini hushika lipidi II, molekuli ambayo bakteria hujengea ukuta wao, nayo kwa E. coli imejificha nyuma ya utando wa nje. EDTA, kemikali inayonasa ayoni za metali, huulegeza utando huo, lakini EDTA peke yake nayo ipewe visima vyake. Melitini haichagui, hutoboa utando wowote, hata wa chembe za damu. Bila kupima inavyopasua chembe za damu, hilo neno "bora" liondoe.

ChiromoJioni: Asante dada. Damu ya mbuzi kutoka machinjio ya Dagoretti itafaa?

Pipeti20: Kwa kulinganisha hizi mbili tu, ndiyo. Usiiweke kando ya takwimu za damu ya binadamu: utando wa chembe za mbuzi una mafuta aina ya sfingomielini kwa wingi na aina ya fosfatidilikolini kidogo mno. Chembe zenyewe ni dhaifu, bafa ikipungua chumvi kidogo zinapasuka kabla hujaongeza chochote. Osha chembe mara tatu, tumia mchanganyiko wenye chembe asilimia 2, saa 1 kwa nyuzi 37, kisha soma rangi ya damu iliyovuja kwa mwanga wa 540 nm. Triton X-100 asilimia 0.1, sabuni inayopasua chembe zote, ndiyo mia kwa mia yako.

MamaVijidudu: Na glavu, tafadhali. Brucella ya mbuzi, bakteria anayeambukiza hata watu, haina mzaha.