Tupeane uzoefu: tuliojifunza gitaa ukubwani, ulikwama wapi na nini kilikukwamua?

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo. Nimefungua mada hii kwa ajili ya sisi tulioshika gitaa kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima wenye kazi, watoto na ada za shule za kulipa, ambao hatutarajii kuishi kwa muziki bali tunaupenda tu. Mara nyingi tunajifunza peke yetu, usiku watoto wakishalala, na hakuna wa kutuonyesha makosa yetu. Naomba kila mmoja aeleze alikwama wapi hasa na alikwamuka vipi, kwa undani kadiri awezavyo, maana ushauri wa jumla wa kufanya mazoezi kwa bidii tumeshausikia wa kutosha.

Naanza mimi. Nilinunua galatoni (gitaa lisilotumia umeme) la mtumba nikiwa na miaka 41. Nimekulia katika mji ambao Mbaraka Mwinshehe aliupigia gitaa na Morogoro Jazz kabla ya kuwa na Super Volcano, na marehemu baba aliendelea kusikiliza nyimbo zake kila Jumapili miaka mingi baada ya mwanamuziki huyo kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Sauti ile ndiyo niliyokuwa naitafuta. Hata hivyo, video nilizozifuata zilinifundisha kushika kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) na kukwaruza nyuzi zote sita juu na chini, na baada ya miezi minane nilikuwa najua kodi kumi bila kuweza kupiga chochote kilichofanana hata kidogo na gitaa la utotoni mwangu.

Jioni moja mzee wa mtaani kwetu, ambaye zamani alipiga gitaa la rithimu katika bendi, aliketi barazani kwangu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia niondoe kabisa mkono wa kushoto. Alinitaka nipige uzi wa nne peke yake, wazi, huku mguu ukihesabu mpaka nne, kwa nusu saa nzima. Nilipotea mara nyingi kuliko nilivyodhani inawezekana kwa kazi nyepesi namna ile. Ndipo akanieleza kwamba gitaa la rithimu katika dansi letu mara nyingi halikwaruzwi, bali huokota sauti za kodi mojamoja na kuunda kifungu kifupi kinachojirudia, na gitaa la solo huzungumza juu ya kifungu hicho. Alinipa kifungu cha sauti nane kwenye kodi ya G, akakihamishia kwenye C na D, akaniacha nacho kwa wiki tatu. Mwishoni mwa wiki ya tatu mke wangu alitoka jikoni akauliza nimefungulia redio gani. Tangu siku hiyo mazoezi yangu ya dakika ishirini huanza na mkono wa kulia.

Mchangiaji, Mombasa

Kaka, ahsante kwa mada. Mimi ni muuguzi, nilianza nikiwa na miaka 37, na mwaka wangu wa kwanza ulipotea kwa sababu niliyaamini maneno ya watu kwamba vidole vya mwanamke ni vidogo mno kwa kodi ya F. Wengi mnajua jinsi inavyoshikwa: kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), na vingine vitatu vikatafuta nafasi zao mbele yake. Nilibonyeza mpaka kiganja kikawaka moto, na bado uzi wa pili ulitoa sauti ya kugonga ubao. Baada ya zamu ya usiku nilikuwa sina hata nguvu ya kulitoa gitaa kwenye mfuko wake.

Aliyenisaidia ni fundi wa kurekebisha vyombo vya muziki. Hakunifundisha kupiga, bali alilitazama gitaa lenyewe. Alipanga kadi za benki kati ya freti ya 12 na uzi wa sita ili kupima nafasi iliyopo, zikaingia kadi sita. Kisha akafunga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja) kwenye freti ya 1 na kuniambia nishike umbo lile lile la F freti moja mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nyuzi zote sita zikaita. Akaniambia kwamba vidole vyangu havina kasoro: mifereji inayopitisha nyuzi mwanzoni mwa shingo ilichongwa kwa kina kifupi, hivyo pale kwenye freti ya 1 nyuzi zilikuwa juu kupita kiasi. Aliichonga mifereji hiyo taratibu, akachomoa kile kipande cheupe cha kwenye daraja (kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) na kukisugua kwa msasa upande wa chini, akapima tena, zikaingia kadi nne. Kazi yote haikumaliza saa mbili. Nilirudi nyumbani kwa matatu nikilia, kwa furaha na pia kwa uchungu wa mwaka mzima niliojilaumu bure.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayeanza, na hasa kwa akina dada, ni kwamba kabla hujaulaumu mkono wako, mpelekee mtu anayejua akukagulie gitaa. Na kwa tunaoishi pwani, hewa ya chumvi hula nyuzi za chuma upesi, na uzi wenye kutu hukwaruza kidole na kupoteza sauti. Mimi hufuta nyuzi zangu kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo, juu na chini yake, na gitaa hulala ndani ya mfuko.

Mchangiaji, Dodoma

Niongeze jambo moja kwa ufupi. Gitaa langu la kwanza lilikuwa la nyuzi za nailoni, na muuzaji aliniuzia seti ya nyuzi za chuma akisema zitaongeza sauti. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi, na baada ya siku chache daraja lilibanduka usiku kwa kishindo kilichowaamsha watoto. Tazameni jinsi nyuzi zilivyofungwa kwenye daraja: zikiwa zimezungushwa na kupigwa fundo, basi kwa kawaida hilo ni gitaa la nailoni, na libaki hivyo.

Mchangiaji, Kakamega

Nimesoma maelezo ya mwenzetu wa Morogoro kuhusu mkono wa kulia nikaona ni yangu, ijapokuwa mimi nilifika huko kwa njia nyingine. Huku magharibi mwa Kenya tuna mtindo wa omutibo, ambao George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliufanya ujulikane nchi nzima. Gumba hushughulika na nyuzi nene bila kupumzika, kidole cha shahada huimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba, na mtu wa pili hugonga na kukwaruza chupa ya Fanta kushikilia mdundo. Mjomba wangu aliupiga ujanani, nami nilimwendea nikiwa na miaka 50, wiki chache baada ya kumzika mama, kwa kuwa nyimbo zile mama alizipenda.

Nilikwama kwenye gumba. Kila kidole cha shahada kilipogusa uzi wa kwanza, gumba lilisimama kumngoja mwenzake, kama mtu asiyeweza kutembea na kuongea kwa wakati mmoja. Mjomba alinikataza kutumia kidole cha shahada kwa majuma mawili. Kazi yangu ilikuwa kupiga gumba peke yake, uzi wa tano na wa nne, wa tano na wa nne, huku yeye akinisimulia habari za ukoo na kuniuliza maswali niliyopaswa kuyajibu kwa sentensi kamili. Gumba likiyumba, tulianza upya. Siku nilipoweza kumtajia watoto wote wa babu kwa mpangilio wa kuzaliwa bila gumba kuyumba, ndipo aliponiruhusu kuongeza kidole cha shahada, tena kwa sauti moja tu, inayoangukia kati ya mapigo mawili ya gumba.

Kapo hakuwa nayo. Alilaza penseli juu ya nyuzi kwenye freti ya 2 na kuikaza kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kwani ndivyo walivyofanya walipokuwa vijana, na nyuzi ziliita vizuri kabisa. Mimi ninayo kapo ya kununua, lakini penseli ile nimeihifadhi.

Mchangiaji, Lubumbashi

Salamu kutoka Katanga. Mwalimu wangu ni rekodi za mpiga gitaa wa huku kwetu, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville, leo Likasi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wanaosikika ni watu wawili. Nilipopunguza mwendo kwa programu ya simu hadi nusu, bila sauti kugeuka kuwa nzito, nilitambua kwamba ni gumba na kidole cha shahada vya mtu mmoja. Nikaanza kujifunza sekunde nne kwa juma. Jihadharini na jambo hili: rekodi nyingi za zamani haziko sawa na kipimo cha A ya 440 (kiwango cha kawaida cha kukazia nyuzi), hivyo kazeni nyuzi kufuata rekodi kwanza, la sivyo mtadhani masikio yenu ni mabovu.

Mchangiaji, Tanga

Wakuu, nina miaka 58 na nimeanza mwezi uliopita. Ncha za vidole zinauma hata kushika kikombe cha chai. Je, niendelee au nipumzike?

Mwanzisha mada, Morogoro

Shikamoo mzee wangu. Kwa uzoefu wangu, dakika kumi asubuhi na kumi jioni zilijenga sugu vizuri kuliko saa nzima ya Jumamosi, na ngozi ikichubuka nilikuwa napumzika mpaka ikauke, wala sikuosha vyombo muda mfupi kabla ya kupiga, kwa sababu ngozi iliyolowa huumia upesi. Kama nyuzi zako ni za chuma, nunua seti nyembamba zaidi, ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni inchi 0.010. Na kabla ya yote fanya kama alivyoeleza dada wa Mombasa: pima nafasi ile ya freti ya 12 kwa kadi za benki, kisha utuandikie hapa zimeingia ngapi.