Acheni kumtelekeza mpiga dramu jukwaani!

Wakuu, hili limenifika shingoni. Huu mtindo wa bendi nzima kushuka jukwaani na kumwacha mpiga dramu peke yake, eti ni zamu yake ya solo, ni dharau kwake na kwetu sisi tuliolipa kiingilio. Wimbo ndiyo kwanza umeanza kukolea, mara gitaa linawekwa chini, mwimbaji huyoo anakwenda kunywa maji. Wanarudi baadaye wamebadilisha mashati.

Huyo aliyeachwa afanye nini? Hana besi ya kujibizana nayo. Basi anakimbiza mikono, anateremka tomu zote, zile ngoma ndogo hadi kubwa zilizo mbele yake, anagonga matoazi, anakanyaga pedali mbio mbio mpaka watu wampigie makofi kwa kulionea huruma jasho lake. Tangu lini mbio zikawa muziki?

Na asije mtu hapa kuniambia kwamba solo ya dramu ndivyo ilivyo. Msikilizeni mpiga dramu Joe Morello kwenye "Take Five", wimbo wa jazi wa bendi ya mpiga piano Dave Brubeck, wa mwaka 1959. Piano haiondoki. Inazungusha mapigo yaleyale matano, tena na tena, na Morello anacheza juu yake: anapiga, anaacha pengo, unadhani amemaliza, kumbe anaingia pale ambapo hukumtegemea. Pengo lile lina utamu kwa sababu piano bado inakuonyesha uko wapi kwenye wimbo. Iondoe piano, pengo linakuwa kimya tu. Wanajazi wana hata desturi ya kupokezana, saksafoni baa nne (yaani vipande vinne vifupi vya mapigo), dramu baa nne, kama watu wanaojibizana.

Hata vyombo vingine vikinyamaza, kuna namna. James Brown kwenye "Funky Drummer", iliyotoka 1970, alimwambia mpiga dramu wake, Clyde Stubblefield, asipige solo, ashikilie mdundo aliokuwa nao. Wenzake wakampisha kwa sekunde chache tu. Kipande hicho kidogo ndicho watayarishaji wa hip hop walichokinyofoa miaka na miaka kutengenezea nyimbo zao. Si yale makelele ya robo saa!

Viongozi wa bendi, kama mnataka kupumzika, tangazeni mapumziko. Msijifiche nyuma ya mtu anayetoka jasho.

Na nyie wapiga dramu mliomo humu, mnakubalije? Ukiambiwa piga solo, mwambie mpiga besi abaki.